Sadaka Hailipi Deni la Mtu: Matajiri wa Marekani, Chai ya Kericho na Sisi Wenyewe



  



Mada hii niliitoa hapa Kapsoit baada ya swala ya Alasiri, nanyi ndugu wasomaji ambao hamkuwepo nimewaandikia karibu vile vile ilivyosemwa. Niliambiwa nizungumzie mali na fukara. Kila Ramadhani mtu hupewa mada hii, na kila mara tunaambiwa tutoe, tulishe, tusiwasahau mayatima. Ni haki kabisa, na hapo sina la kuwazidi masheikh zangu. Lakini kuna jambo moja ambalo huwa tunalipita haraka haraka. Mtu anaweza kuwa mtoaji mkubwa, jina lake likachongwa ukutani, na papo hapo akawa ni dhalimu. Sasa ili tusianze kutajana majina hapa kabla hata ya futari, wacha tuanzie mbali, Marekani, halafu tutarudi nyumbani pole pole.

ZAMA ZA KUPAKWA DHAHABU

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliisha mwaka 1865, vikafuatiwa na miaka thelathini hivi ya utajiri ambao dunia ilikuwa haijauona. Mwaka 1869 reli iliunganisha nchi ile kutoka pande zote mbili za bara. Mwaka 1870 John D. Rockefeller na wenzake wakaanzisha kampuni ya mafuta ya Standard Oil, na baada ya miaka kumi tu karibu asilimia 90 ya mafuta yote yaliyosafishwa Marekani yalipitia mikononi mwao. Wamarekani wenyewe wanakiita kipindi hicho zama za kupakwa dhahabu, jina lililotokana na riwaya ya Mark Twain na Charles Dudley Warner ya mwaka 1873. Angalieni vizuri, hawakusema zama za dhahabu. Walisema za kupakwa, kama ile bangili unayonunua kwa mchuuzi stendi, inang'aa Idi mosi na Idi pili, Idi tatu mkono umegeuka kijani.

Katika matajiri wale nataka tumtazame mmoja, Andrew Carnegie. Alizaliwa Scotland, baba yake mfumaji wa nguo aliyeangushwa na mashine. Wakahamia Marekani mwaka 1848, na kijana Andrew akaanza kazi katika kiwanda cha pamba kwa dola 1.20 kwa wiki. Kwa hivyo huyu si mtu aliyezaliwa na kijiko cha fedha. Shida aliijua. Baadaye akawa mfalme wa chuma cha pua, na mwaka 1901 alipoiuza kampuni yake kwa J.P. Morgan, bei ilikuwa dola milioni 480.

Na alitoa! Wallahi alitoa. Alijenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani, na kabla hajafariki mwaka 1919 alikuwa amegawa sehemu kubwa mno ya mali yake. Mwaka 1889 aliandika makala iliyosomwa sana, akisema tajiri aishi bila makuu na ziada yake aishike kama amana ya jamii. Mpaka hapo unaweza kudhani ni khutba ya Ijumaa. Lakini ndani ya makala hiyo hiyo kuna mwiba. Alishikilia kwamba ni bora pesa hiyo akae nayo tajiri, aipangie yeye mwenyewe, kuliko kugawanywa kidogo kidogo kwa watu wengi, kwa sababu wao wataila tu iishe. Yaani usimwongeze mfanyakazi mshahara, ataumaliza kwa chakula. Bora umjengee maktaba.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1892, wafanyakazi wa kiwanda chake cha Homestead karibu na Pittsburgh walikataa kupunguziwa ujira. Carnegie alikuwa kwao Scotland mapumzikoni. Meneja wake, Henry Clay Frick, akafunga milango ya kiwanda na kuleta walinzi wa kukodiwa wapatao 300, wakaja usiku mtoni wakiwa ndani ya matishari. Tarehe 6 Julai risasi zikalia, wakafa watu pande zote mbili. Serikali ya jimbo ikaleta askari kwa maelfu, chama cha wafanyakazi kikavunjika, na zamu ya saa 12 ikawa ndio kawaida katika vinu vile.

Mwaka 1898 ikafunguliwa maktaba ya Carnegie hapo hapo Homestead. Nzuri, kubwa, ina hata bwawa la kuogelea na ukumbi wa muziki. Haya, niambieni nyinyi: mtu aliyesimama mbele ya tanuri la chuma saa 12, anafika nyumbani mguu hauinuki, kitabu atakisoma saa ngapi?

MTU ALIYEFILISIKA

Walimu wetu wa madrasa walitusomesha hadithi ya mtu muflisi, iliyopokewa na Imam Muslim. Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba ni nani aliyefilisika. Wakamjibu kwa hesabu ya duniani, kwamba ni asiye na pesa wala bidhaa. Yeye akawafahamisha kwamba muflisi wa kweli katika umma wake ni yule atakayekuja Kiyama na swala zake, saumu zake na zaka zake zote, lakini huku alimtukana huyu, akala mali ya yule, akamwaga damu ya mwingine. Basi wanaomdai watalipwa kutoka katika mema yake, na mema yakiisha kabla ya madeni, anabebeshwa madhambi yao.

Tazameni kwamba zaka imetajwa mle ndani kwa jina. Mtu huyu hakuwa bakhili, zaka alitoa. Kilichomwangamiza ni haki za watu.

Kuna hadithi nyingine, ya Muadh bin Jabal (R.A.) alipotumwa Yemen, ambayo iko katika Bukhari na Muslim. Sisi huisoma kipande kimoja tu, kile cha zaka, kwamba ichukuliwe kwa matajiri wao irudishwe kwa mafukara wao. Lakini wasia ule haukuishia pale. Muadh alionywa asichukue mali bora za watu wakati wa kukusanya, na akaambiwa aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwa sababu baina ya dua hiyo na Allah hakuna pazia. Yaani katika safari moja, kwa mtu mmoja, amri ya zaka na onyo la dhuluma vimetoka pamoja. Sisi ndio tumevitenganisha. Zaka tumeipeleka Ramadhani, na dhuluma tumeiachia wanasiasa.

Na hapa ndipo Uislamu unapoachana na Carnegie. Kwake yeye fukara anangoja moyo wa tajiri ulainike. Kwetu sisi Suratul Maarij imekwisha kueleza kwamba katika mali ya waumini mna haki iliyo maalumu ya muombaji na asiyejaliwa. Haki, ndugu zangu. Fukara akichukua zaka hachukui cha mtu. Ndio maana Sayyidna Abubakar (R.A.) aliwapiga vita waliokataa kuitoa, hakuwaendea kuwabembeleza.

Wamarekani nao walijaribu. Mwaka 1894 Bunge lao lilipitisha kodi ya asilimia 2 kwa mapato yanayozidi dola 4,000 kwa mwaka. Mbili tu! Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaifuta, majaji watano kwa wanne. Ilibidi wabadilishe katiba ndipo kodi ya mapato ikasimama, mwaka 1913. Sisi asilimia mbili na nusu, na si ya mapato tu, ni ya mali yenyewe iliyofika nisabu na kupitiwa na mwaka, tunayo tangu Madina. Lakini tusijisifu sana, tutafika kwetu sasa hivi.

NYUMBA YA KAMPUNI

Nimtaje Mmarekani mmoja zaidi kwa sababu mtamtambua. George Pullman alitengeneza mabehewa ya kulala, na karibu na Chicago, kuanzia mwaka 1880, akawajengea wafanyakazi wake mji mzima. Nyumba za matofali, duka, kanisa, kila kitu mali ya kampuni. Uchumi ulipoanguka mwaka 1893 akakata mishahara kwa kiasi cha robo, lakini kodi ya nyumba hakuigusa, na kodi hiyo yeye ndiye aliyeipokea. Mwaka 1894 wakagoma, reli zikasimama nchi nzima, Rais Grover Cleveland akaleta jeshi, mgomo ukazimwa. Pullman akafa mwaka 1897, na jamaa zake waliogopa sana kwamba wafanyakazi watamfukua, wakalimwagia kaburi zege na kulaza vyuma vya reli juu yake. Qaruni alimezwa na ardhi yeye na nyumba yake, hivyo ndivyo tunavyosoma katika Suratul Qasas. Huyu walimsukumia ndani na kumfungia.

Mji wa kampuni! Nani hapa Kericho na Bomet hajui maana yake? Nyumba ni ya kampuni, shule ni ya kampuni, dispensari ni ya kampuni, na kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha. Mtu anachuma majani miaka thelathini, siku anastaafu anatoka na sufuria, magodoro na watoto, hana mahali pa kusema hapa ni kwangu. Wapo wazee wa namna hii katika masoko yetu madogo, wamepanga chumba kimoja, na mchana wanalitazama lile shamba walilolichuma.

ARDHI ILIVYOONDOKA

Tusome historia kidogo, maana shule tulipewa mistari miwili tu. Reli ya Uganda ilifika ziwani mwishoni mwa mwaka 1901. Mwaka 1902 ikatungwa sheria ya ardhi ya Mfalme, ardhi ikaanza kugawiwa walowezi. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, mwaka 1919, ekari 25,000 hapa Kericho zikatengwa kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani. Wakalima kitani, bei ikaanguka, mradi ukafa. Mtu angedhani sasa ardhi itarudi kwa Wakipsigis. La. Katika miaka ile ile ya 1920 yakaja makampuni ya chai, Brooke Bond na lile la James Finlay, na majani yakapandwa mpaka yakafunika vilima. Jina la Brooke mpaka leo ni jina la kituo hapa, watu wanashukia pale bila hata kujiuliza limetoka wapi.

Mwaka 1934 ikatungwa sheria maalumu ya kuuondoa ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa dini ya jadi ya Wakipsigis. Wakapelekwa na wake zao na watoto wao mpaka Gwassi, kando ya ziwa Victoria, mahali pa mbung'o na malaria, wakakaa huko mpaka karibu na uhuru. Kuna kijana mmoja aliniuliza kwa nini msikitini tunawasikitikia watu wa uganga. Ndugu yangu, uganga wao hatuukubali hata kidogo. Lakini ile hadithi ya Muadh imesema dua ya aliyedhulumiwa. Haikumuuliza dini.

Na Mtume (S.A.W.) amebainisha, katika Bukhari na Muslim, kwamba anayechukua hata shibiri moja ya ardhi kwa dhuluma atavishwa shingoni kutoka ardhi saba. Shibiri moja. Sasa pigeni hesabu ya ekari 25,000, mimi hesabu hiyo imenishinda.

Hati za ardhi zilikuwa za miaka 999. Sheria ya 1915 ndiyo iliyoruhusu muda huo. Mkataba wa mwaka 1915 ungeisha mwaka 2914! Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyoshusha muda wa wasio raia hadi miaka 99. Linganisheni na Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Iraq ilipofunguliwa, wapiganaji, na Bilal (R.A.) alikuwa miongoni mwa waliosimama kidete, walitaka mashamba ya Sawad wagawiwe wao. Ilikuwa hoja yenye nguvu, wao ndio waliopigana. Umar akakataa. Akaziegemea aya za Suratul Hashr, zile zinazoeleza kwamba mali isiwe ni ya kuzunguka baina ya matajiri peke yao, na zinazowataja watakaokuja baadaye. Akaona kwamba akigawa leo, mjukuu wa kesho atakuta kila kitu kina mwenyewe. Ardhi ikaachwa mikononi mwa wakulima wake, ikatozwa kharaji, na kharaji ikaingia Baitul Mal ya umma wote. Mmoja alifikiria miaka elfu kwa ajili ya mwenye hisa, mwingine alifikiria mtoto ambaye hajazaliwa.

Mambo ya sasa mnayajua, nitayapita mbio. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilitoa uamuzi kwamba watu wa Kericho na Bomet walidhulumiwa, makampuni yakaupinga. Mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Talai wakapeleka malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mwaka huo huo Unilever, ambayo ilikuwa imeinunua Brooke Bond tangu 1984, iliuza biashara yake ya chai ya ulimwengu kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC kwa euro bilioni 4.5. Mashamba yanapita mkono hadi mkono, na mchumaji anasikia redioni kwamba mwajiri wake amebadilika jina.

Tuwe waadilifu pia, maana tumeamrishwa uadilifu hata kwa tusiowapenda. Chai imeleta barabara, imeleta hospitali, na baadhi yetu karo yetu imelipwa kwa majani hayo. Shule na zahanati za makampuni si uongo, zipo na zinasaidia. Hata maktaba za Carnegie zilisomesha watu wengi. Swali langu si kama zipo. Swali ni kama zimechukua nafasi ya kitu kingine ambacho mtu alikuwa anadai.

HASIRA ILIPOANGUKIA JIRANI

Hapa naomba vijana msikilize zaidi. Mwaka 1885, huko Rock Springs, Wyoming, wachimbaji wazungu wa makaa ya mawe walikuwa na malalamiko ya kweli juu ya ujira wao na kampuni ya reli. Lakini kampuni ilikuwa mbali na imara. Wachimbaji Wachina walikuwa karibu, na walikuwa maskini kama wao. Wakawavamia, wakachoma nyumba zao, wakaua wasiopungua 28. Ujira haukupanda hata senti.

Na sisi? Mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, katika mashamba haya haya ya chai, wachumaji waliotoka jamii nyingine walivamiwa katika nyumba zao za kampuni. Wengine waliuawa, maelfu wakakimbia na walichovaa. Ukiuliza ilikuwaje, mtu anakuambia ardhi, anakuambia ajira zetu. Basi hasira ya ardhi iliyochukuliwa na Mwingereza ikamwangukia mama wa Kisii mwenye kapu mgongoni. Wenye hisa walikunywa chai yao asubuhi ile kama kawaida. Mwaka 2023 ikawa zamu ya mashine, mwezi wa Mei mashine kadhaa za kuchuma majani zilichomwa hapa Kericho. Hofu ya mtu kukosa kazi naielewa vizuri, lakini moto haujawahi kumwajiri mtu. Kupigania haki ni ibada ikiwa kwa njia ya haki: kwa chama cha wafanyakazi, kwa mahakama, kwa kusoma ile mikataba. Vijana wa sheria mlioko vyuo vikuu, hiyo ndiyo kazi yenu.

KINA CARNEGIE WADOGO

Sasa tumefika nyumbani. Wengi wetu Waislamu wa huku ni watu wa biashara. Maduka, usafiri, ng'ombe, majani. Hatuna vinu vya chuma. Lakini tabia haihitaji kinu.

Kuna biashara moja inayoenea kimya kimya. Mzee ana ekari moja ya chai. Mwezi wa Januari karo inamkaba, bonasi ilishaliwa mwaka jana. Anakwenda kwa mwenye pesa, anapewa shilingi 60,000, na makubaliano ni kwamba mkopeshaji atachuma ile chai mpaka siku mzee atakaporudisha 60,000 zake kamili. Majani yanayochumwa hayapunguzi deni hata shilingi. Mwaka unapita, wa pili unapita, mwenye pesa ameshachuma mara mbili ya alichotoa, na mzee bado anadaiwa 60,000 zile zile. Mwenye pesa anasema hii si riba, mimi sikutoza asilimia yoyote. Bwana wee! Wanazuoni wamekubaliana kwamba mkopo unaoshurutishwa kumletea mkopeshaji manfaa ni riba. Jina la rahani halibadilishi kitu.

Njia ya halali ipo na si ngumu. Ukiweza, mkopeshe karadha hasana akurudishie ulichotoa. Ukitaka faida, ingia naye ushirika wa musaqati: mashina ni yake, kupalilia na kuchuma ni juu yako, na mavuno mnagawana kwa fungu mlilokubaliana. Mtume (S.A.W.) aliwaachia watu wa Khaybar mitende yao kwa nusu ya mavuno. Na wale wanaokodi majani ya mtu kwa miaka mitatu kwa pesa ya mkupuo, nendeni mkamuulize sheikh kabla hamjasaini, kwa sababu wanazuoni wengi hawakubali mtu auze mazao ambayo bado hayajatoka. Mimi ni mwanafunzi tu, sitoi fatwa.

Halafu kuna mzani. Suratul Mutaffifin imeanza kwa kuwatangazia ole wale wanaopunja vipimo, wanaotaka kutimiziwa wakipokea na wanaopunguza wakitoa. Mkulima anajua uchungu wa kilo mbili kuyeyuka kituoni. Lakini yule yule akifika sokoni na kipimo cha mahindi, debe lake lina tumbo la ndani. Wachuuzi wanaonunua majani nje ya vituo wakati mkulima ana shida ya pesa ya leo leo, nao wajipime.

Niliulizwa pia kama chai ina zaka. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, zaka ya mazao ni katika vyakula vinavyoshibisha na kuwekwa akiba, kama mahindi na mchele, kwa hivyo majani ya chai hayaingii. Imam Abu Hanifa yeye anaona kila kinachooteshwa na ardhi kina zaka. Lakini asiondoke mtu hapa akifurahi. Hata kwa Shafi, pesa ya chai ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka ina zaka yake. Bonasi ikikubakia shilingi 400,000 mwaka mzima, elfu kumi si zako. Na duka lina zaka ya bidhaa, si ya kile kilicho ndani ya droo tu. Wengi tunafunga hesabu ya duka kwa ajili ya serikali, kwa ajili ya Allah tunakisia.

Na la mwisho kabla ya maswali ni ujira. Katika Bukhari, Allah (S.W.) amejitangaza kuwa mdai wa watu watatu siku ya Kiyama, mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake yote, asimlipe. Hakusema kampuni kubwa. Kijana wa duka, dada wa nyumbani, turnboi wa lori, mtu wa kukulimia, wote wamo.

MASWALI

Kijana mmoja aliuliza kama mshahara wa baba yake ni haramu, kwa kuwa anafanya kazi katika ardhi iliyochukuliwa kwa dhuluma. Nilimjibu kwamba baba yake anakula jasho lake, na jasho la mtu ni halali yake. Dhuluma ya ardhi ni juu ya aliyeipora na anayeing'ang'ania akijua. Mchumaji hakupora kitu. Yeye ndiye anayedai.

Swali jingine lilikuja kwa karatasi, halina jina, maandishi ya kike. Anafanya kazi katika nyumba ya Muislamu. Tajiri wake kila siku ya Ramadhani hupeleka sufuria mbili za futari msikitini, pilau na uji, na ni yeye mwenyewe dada huyu anayezipika. Mshahara wake wa miezi miwili hajapewa, ameambiwa angoje mpaka baada ya Idi. Anauliza, je, akipitia msikitini na watoto wake jioni, anaruhusiwa kula ile futari?

Nilimjibu ale, yeye na watoto wake, na asione haya, wala asikubali kuhesabiwa kwamba amelipwa. Deni la miezi miwili liko pale pale. Na yule mwenye sufuria, kama yumo miongoni mwetu au gazeti hili limemfikia, Idi haijafika bado.